Je, Paul Preuss alifundisha kupanda bila kamba? Jibu kwa msomaji aliyeko München

Swali: «Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa München. Nyumbani ni Moshi. Nilianza kukwea kwenye ukumbi wa mazoezi mwaka juzi, na tangu majira ya joto yaliyopita nimekuwa nikifuatana na wenzangu wawili kwenda kwenye miamba ya Kaiser, upande wa Austria. Wana uzoefu kunizidi, na njia nyepesi huzipanda bila kamba. Nikiwauliza sababu wananitajia Paul Preuss, Mwaustria wa zamani aliyepanda peke yake, na wanasema alifundisha kwamba kamba ni ya wasiojiamini na kwamba anayejifunga anajidanganya. Nimesoma kidogo habari zake, kwamba utotoni aliugua hadi akapooza na baadaye akawa mkweaji aliyewapita karibu wote wa wakati wake, na kwa kweli amenigusa. Mwaka huu masomo hayajaniendea vizuri, na nikiwa ukutani ndipo akili yangu inapotulia. Wenzangu wanataka mwezi ujao niende nao kwenye njia ya daraja la tatu la ugumu, bila kamba. Ukumbini ninapanda hadi daraja la sita bila shida. Je, ni kweli Preuss alifundisha hivyo? Na je, niende?»

Marahaba, ndugu yangu. Ujumbe wako una maswali mawili yaliyofungamana, moja la historia na jingine la uhai wako, na sitaki usubiri hadi mwisho ndipo upate jibu. Hapana, Preuss hakufundisha hivyo. Na mwezi ujao usiende bila kamba. Naomba sasa uniruhusu nieleze yote mawili kwa utaratibu, kwa sababu nadhani ukimwelewa Preuss vizuri, yeye mwenyewe atakuzuia kwa nguvu kuliko mimi.

Paul Preuss alizaliwa tarehe 19 Agosti 1886 huko Altaussee, kijiji cha milimani katika jimbo la Steiermark nchini Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki aliyependa mimea, na alimzoeza mtoto kutembea milimani wakitafuta maua na majani ya kuchunguza. Ulichosoma kuhusu ugonjwa ni kweli: akiwa mdogo alipatwa na maradhi yanayofanana na polio, yakamwacha amepooza sehemu ya mwili, na akarudishiwa nguvu kidogo kidogo kwa mazoezi ya viungo na kwa matembezi hayo. Baba alifariki Paul akiwa bado mtoto, lakini mapenzi ya mimea yalibaki, kwani alisomea fiziolojia ya mimea Vienna na kisha hapo hapo München unakosoma wewe, akapata udaktari wake mwaka 1912. Nataja hayo kwa makusudi. Mtu aliyelazimika kujifunza upya mwili wake unaweza nini na hauwezi nini, na ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza na kupima, hakuwa mtu wa kubahatisha.

Uwezo wake haukuwa wa kusimuliwa tu. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake mafupi alipanda vilele zaidi ya 1,000, na mamia kati ya hivyo alivipanda peke yake. Mwezi Julai 1911 alipanda ukuta wa magharibi wa Totenkirchl, katika milima hiyohiyo ya Kaiser mnayokwenda, akiwa peke yake. Siku chache baadaye, tarehe 28 Julai, alikuwa katika milima ya Brenta, eneo ambalo leo ni la Italia, mbele ya Campanile Basso, mnara wa jiwe ambao kilele chake kilikuwa kimefikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1899 tu. Dada yake Mina na rafiki yao Paul Relly walikuwa pamoja naye mlimani siku hiyo. Aliutazama ukuta wa mashariki, ambao hakuna mtu aliyewahi kuupanda, akaupanda peke yake kwa takriban saa mbili, bila kamba na bila msumari hata mmoja. Ni ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 100, ulio karibu wima. Naelewa kwa nini habari hiyo imekugusa. Nami inanigusa kila ninapoirudia.

Mwezi uliofuata, Agosti 1911, Preuss alichapisha makala katika jarida moja la wapanda milima akipinga matumizi ya vyombo vya kusaidia kupanda, hasa misumari ya chuma yenye tundu inayopigiliwa kwenye nyufa za mwamba. Makala hiyo ilizua mabishano makali, na katika kujibu wapinzani wake akaweka wazi kanuni sita. Nitazieleza kwa maneno yangu. Usiwe tu sawasawa na mlima unaoupanda. Uwe unauzidi kwa uwezo. Ugumu unaoweza kuushuka bila kamba, kwa usalama na kwa dhamiri tulivu, ndio uwe kikomo cha ugumu unaoupanda. Vyombo vya kusaidia vina haki ya kutumika pale tu hatari inapotokea ghafla. Msumari ni akiba ya dharura, si msingi wa namna ya kufanya kazi. Kamba inaweza kukurahisishia, lakini isiwe ndiyo njia pekee inayofanya mlima upandike. Na ya mwisho: usalama ni miongoni mwa kanuni kuu kuliko zote, ila uwe usalama unaotokana na kupima sawasawa uwezo wako dhidi ya unachokitaka, si kuziba udhaifu wako kwa vyuma.

Soma tena ya mwisho. Huyo ndiye mtu ambaye wenzako wanasema alidharau usalama. Kamba yenyewe hakuikataza. Alipokwea na Relly au na marafiki wengine alikuwa akijifunga nao kamba, na mwaka huohuo wa 1911 waliupanda hivyo ukuta wa kaskazini-mashariki wa Crozzon di Brenta. Alichokataa ni kuitegemea kamba ikupandishe mahali ambapo mikono na miguu yako haina haki ya kufika. Tofauti hiyo ni kubwa, na imepotea kwa sababu wengi humjua kwa kusikia. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na katika miaka ambayo Wayahudi walisukumwa nje ya vyama vya milima huko Austria na Ujerumani, jina lake pia liliwekwa pembeni. Baadaye Reinhold Messner, mpanda milima mashuhuri, ni miongoni mwa waliojitahidi sana kulirudisha. Kwa hiyo kilichowafikia vijana wengi ni masimulizi ya ushujaa wake, huku kanuni zake zikibaki nyuma.

Kanuni ya pili, ile ya kushuka, ndiyo kiini cha yote, na ninataka uielewe kwa mwili wako. Unapopanda, macho yako yanatangulia: unaona mshiko unaofuata, unaugusa, unaujaribu, ndipo unahamisha uzito. Unaposhuka, mambo yanageuka. Mshiko ulio nao uko usawa wa kifua, kisha usawa wa tumbo, mkono unakunjika na kuchoka. Mguu mmoja unaning'inia ukipapasa ukingo usiouona kwa sababu kiwiliwili chako chenyewe kinauficha, na uzito wote unaubeba kwa vidole hadi ncha ya kiatu ipate pa kukanyaga. Ndiyo maana karibu kila mkweaji ana hatua anazoweza kuzifanya kwenda juu lakini hawezi kuzirudia kwenda chini. Ukifanya hatua kama hiyo bila kamba, mlango umefungwa nyuma yako, na kama mbele kuna unyevu, au mwamba unaomeguka, au umepotea njia, huna tena pa kwenda. Preuss alitaka mlango ubaki wazi wakati wote. Sasa jiulize kwa ukweli: katika miaka miwili ya ukumbini, ni mara ngapi umeshuka ukuta kwa mikono na miguu yako badala ya kuteremshwa na kamba? Ukumbini karibu hakuna anayefanya hivyo. Kwa kipimo cha Preuss, daraja lako la sita linaonyesha unachoweza kupanda, wala halijasema lolote kuhusu unachoweza kushuka.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba kamba aliyoijua Preuss si kamba iliyomo begini mwako. Ilikuwa kamba ya nyuzi za mimea, isiyonyumbuka sana, iliyofungwa moja kwa moja kiunoni. Mwenzako aliipitisha begani au nyuma ya pembe ya mwamba, na mara nyingi yeye mwenyewe hakuwa amefungwa kwenye kitu chochote imara. Aliyening'inia kwa muda katika kitanzi kile cha kiunoni alibanwa hata kupumua kukawa shida. Kwa hiyo sheria ya wakati ule ilikuwa moja: anayetangulia haruhusiwi kuanguka.

Preuss aliona kwa macho yake kinachotokea sheria hiyo inapovunjika. Tarehe 15 Agosti 1912 alikuwa karibu na Courmayeur, nchini Italia, kwenye Mont Rouge de Peuterey, pamoja na Humphrey Owen Jones, mkemia kutoka Wales, na mkewe Muriel, ambao walikuwa wamefunga ndoa wiki mbili tu zilizopita, na kiongozi wao Julius Truffer. Hao watatu walikuwa kwenye kamba moja. Preuss alikuwa nao, ila hakujifunga. Mshiko wa Truffer ulimeguka, akamwangukia Jones, na kamba ikawachukua wote watatu hadi kwenye barafu iliyokuwa kama mita 300 chini. Kamba isiyofungwa kwenye mwamba iligeuza kosa la mshiko mmoja kuwa vifo vitatu, na Preuss alibaki hai kwa sababu hakuwa kwenye kamba hiyo. Ukilijua hilo, hutashangaa kwamba mtu mwenye akili timamu wa mwaka 1912 aliitilia kamba mashaka.

Lakini vifaa vimebadilika, na hapa ndipo hoja ya wenzako inapoanguka. Nguvu inayokupata unapoanguka haitegemei urefu wa anguko peke yake. Inategemea pia ni kamba ndefu kiasi gani inayolipokea anguko hilo. Tuchukue mfano. Umepanda mita 5 juu ya mwenzako na hakuna nanga yoyote katikati, yaani kifaa kilichoshikizwa kwenye mwamba ili kuishika kamba. Ukiteleza, utaanguka mita 5 hadi alipo, kisha mita 5 nyingine chini yake kabla kamba haijakaza. Jumla ni mita 10, na wakati huo unakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 50 kwa saa. Anguko la mita 10 limepokewa na mita 5 tu za kamba, yaani uwiano wa 2, ambao ni mbaya kuliko wote katika ukweaji wa kawaida. Sasa weka nanga moja mita 4 juu ya mwenzako na upitishe kamba ndani yake. Ukiteleza ukiwa palepale kwenye mita 5, utaanguka mita 2, zikipokewa na mita 5 za kamba: uwiano umeshuka hadi 0.4. Ongeza kwamba kamba za nailoni, zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, hunyumbuka na kumeza sehemu kubwa ya mshtuko. Kamba yako ya leo, yenye kiini kilichofunikwa na gamba lililosukwa, ni ya aina iliyoletwa na kiwanda cha Edelrid mwaka 1953, na kiwango cha sasa kinataka kani inayompata mtu katika jaribio la anguko zito isizidi kilonyutoni 12. Mshipi wako unagawa kani hiyo mapajani na nyonga, haubani kiuno peke yake. Vitu hivi vyote Preuss hakuwa navyo. Kumnukuu dhidi ya kamba ya leo ni kumtumia shahidi katika kesi ambayo hakuiona.

Hata katika wakati wake hakukosa wapinzani wenye hoja. Tita Piaz, kiongozi wa milima wa Dolomites ambaye riziki yake ilikuwa kuwarudisha wateja nyumbani wakiwa hai, alimpinga waziwazi. Franz Nieberl, mkweaji mwingine wa zama zile, alikubali mengi katika nadharia, lakini aliona kanuni ngumu kiasi hicho haiwafai wapandaji wa kawaida. Hans Dülfer, aliyekuwa naye mwanafunzi hapo München, alifungua mwaka 1912 njia ya ukuta wa mashariki wa Fleischbank, jirani kabisa na Totenkirchl, akitumia misumari na kamba kwa ustadi mpya. Mimi naona Preuss alikuwa sahihi kuhusu nidhamu, na wenzake walikuwa sahihi kuhusu ubinadamu: hakuna anayejipima sawasawa kila siku ya maisha yake.

Tarehe 3 Oktoba 1913 Preuss alikuwa peke yake kwenye ukingo wa kaskazini wa Manndlkogel, katika safu ya Gosaukamm, si mbali na alikozaliwa. Alianguka karibu mita 300. Theluji ya mapema ilimfunika, na mwili wake haukupatikana hadi siku kadhaa baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 27. Hapakuwa na shahidi, na kila maelezo ya sababu ya anguko lile ni makisio. Linaloweza kusemwa ni kwamba mtu aliyejipima kwa ukali kuliko karibu yeyote wa kizazi chake alifika mahali ambapo kipimo hakikutosha. Uwezo wako unaweza kuupima. Jiwe linalomeguka huwezi kulipima, wala barafu nyembamba ndani ya kivuli, wala jiwe linalodondoka kutoka kwa watu walio juu yako.

Sasa tuje kwenye safari yenu. Njia ya daraja la tatu katika Kaiser ni nyepesi kuliko unachokipanda ukumbini, hilo ni kweli, na ndilo linalopotosha. Ukumbini mishiko imekazwa kwa skrubu na mtu ameikagua. Nje ni mawe ya chokaa yaliyochakaa kwa jua na baridi, mengine yamelegea, mengine yamelainishwa na miguu ya watu kwa zaidi ya karne moja hadi yanang'aa, na yakilowa huteleza kama sabuni. Njia za daraja hilo pia zina vibaraza vingi, na anayeanguka hapo hapati nafasi tupu ya kuangukia, bali hugonga kila kibaraza. Sitakudanganya kwamba hakuna mtu mwenye busara anayetembea bila kamba milimani. Njia nyingi za kufikia kuta za Kaiser, na nyingi za kushukia, zina sehemu za daraja la kwanza na la pili ambazo karibu kila mtu huzipita bila kujifunga. Tena kisa cha Jones kinaonyesha kwamba kufungwa pamoja bila nanga mahali penye mteremko mkali kunaweza kuwa kubaya kuliko kutofungwa. Kuna wakati wa kuvua kamba, lakini uamuzi huo ufanywe na anayejua kuweka nanga na ameona kwamba hapo haifai. Anayeiacha kwa sababu marafiki wameiacha hajaamua chochote. Wewe bado hujafundishwa kuweka nanga nje, na wala hukulisema hilo. Nimeliona kwa sababu katika maelezo yako yote hakuna mahali ulipotaja kwamba umewahi kutangulia kwenye kamba mlimani.

Ninachokushauri ni kuanza na kanuni ya pili huku umefungwa kamba. Ukumbini, kila ukimaliza njia ya daraja la tatu au la nne, mwombe mwenzako akushikie kamba ikiwa imelegea kidogo, ushuke njia ileile kwa mikono na miguu yako, mshiko kwa mshiko. Utashangaa ni lini mikono inaanza kutetemeka. Baada ya wiki kadhaa utakijua kikomo chako halisi, na kitakuwa chini ya unavyodhani sasa. Kisha nenda Kaiser na wenzako kwenye njia hiyohiyo, na kamba. Waambie wazi kwamba kwa watu watatu mtakwenda polepole zaidi na mtahitaji kuanza alfajiri. Wakikataa kubeba kamba kwa ajili yako, basi hao si wenzako wa mlimani, hata kama ni marafiki wazuri mjini.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kukufundisha, na kuweka nanga ni mojawapo. Chama cha Milima cha Ujerumani, Deutscher Alpenverein, kina matawi hapo München, na huendesha mafunzo ya kutoka ukumbini kwenda kwenye mwamba. Unaweza pia kumkodi kiongozi wa milima mwenye cheti kwa siku moja, mkagawana gharama watu wawili. Mtafute mwalimu kabla ya safari yoyote ya nje, na umtafute tena ukianguka, ukiganda kwa hofu katikati ya njia, au ukijikuta unajificha kwa watu kuhusu unakokwenda kupanda.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ni la ndani zaidi. Umesema masomo hayajaenda vizuri na kwamba ukutani ndipo akili inapotulia. Utulivu huo ni wa kweli, na kamba haiuondoi, kwani unatokana na mwili kushughulika na jambo moja tu. Ila ikiwa sehemu ya mvuto wa kupanda bila kamba ni kwamba siku hizi hujali sana kama utarudi au la, tafadhali usilipeleke jambo hilo mlimani. Vyuo vya Ujerumani vina washauri wa wanafunzi wasiotoza malipo, na wengi wao huzungumza Kiingereza. Nenda wiki hii, na mpigie simu mtu wa nyumbani unayemwamini, umwambie mwaka umekuwaje kweli. Ukifika siku unaona huwezi kuvumilia, usingoje miadi: nenda hospitali yoyote yenye huduma ya dharura, au piga 112.

Kuhusu kozi, matawi ya München hujaa mapema majira ya joto yanapokaribia, kwa hiyo andika jina sasa. Siku ya kwanza mweleze mwalimu kwamba unataka kujifunza kushuka kabla ya kupanda, na umwombe akuonyeshe jinsi ya kugonga mshiko kwa kiganja na kusikiliza mlio wake kabla ya kuuamini. Jiwe imara hutoa mlio mfupi mkavu. Lililolegea hulia kama limepigwa likiwa na uwazi ndani. Hilo halipatikani ukumbini kabisa, na kwenye chokaa ya Kaiser utalihitaji tangu mita ya kwanza.